Simu Nne Chini ya Mto

*Shangazi,*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, naishi Tabora mjini. Riziki yangu ni uwakala wa pesa za simu. Kibandani nina simu nne, kila mtandao na simu yake: tatu viswaswadu, moja simu janja. Nafungua saa moja asubuhi, nafunga saa mbili usiku. Miezi hii kichwa kinaniuma karibu kila siku. Kinaanza alasiri, kinatokea kisogoni na mabegani, kisha kinabana paji la uso. Maandishi ya simu siku hizi nayasoma kwa kunyoosha mkono. Nameza Panadol asubuhi na jioni ili kazi iende.*

*Usiku simu zote naziweka chini ya mto, moja ikiwa kwenye chaja, kwa sababu floti yangu yote imo humo. Mume wangu yuko Kaliua kwenye tumbaku. Tunaanza kuongea saa nne usiku, mara nyingine hadi saa saba, na mtandao ukikatika tunapigiana tena.*

*Sasa kwenye kundi letu la kikoba imerushwa sauti ya mtu anayejiita daktari. Anasema simu inaotesha uvimbe kwenye ubongo, kwamba Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2011 ila kampuni zinaficha, na kwamba panya waliowekewa simu waliota uvimbe. Anasema mwanamke anayebeba simu kwenye sidiria atapata saratani ya titi. Mimi nimeibeba huko miaka yote. Na nyuma ya nyumba yetu kuna mnara. Mama mkwe kaisikia sauti ile, kaniambia, "Kikulacho ki nguoni mwako," na anataka nifunge kibanda nirudi kulima. Mwanangu mkubwa anacheka. Yeye anaendesha bodaboda, huchomeka simu ndani ya helmeti akaongea na wateja njiani, anasema mbona hajafa. Mdogo wa miaka mitatu anashinda na simu yangu akitazama katuni. Nimeanza kumnyang'anya, analia. Baba yao akirudi huvuta sigara zake chumbani na kuniambia nisisikilize maneno ya watu.*

*Shangazi, nina uvimbe? Nifunge kibanda?*

*Mama wa kibandani, Tabora*

Mwanangu,

Jibu kwanza, maana najua ndilo linalokunyima usingizi: usifunge kibanda. Kwa jinsi ulivyoyaeleza, maumivu yako hayana sura ya uvimbe wa ubongo, na utafiti wa miaka mingi haujaonyesha kwamba simu inauotesha. Ila barua yako ina mambo ya hatari kweli, na mengine umeyataja kwa kupita tu. Hayo ndiyo yaliyonishtua mimi. Nitayafikia, lakini kwanza tuimalize ile sauti.

Mji wenu ulikua kwenye njia ya misafara. Wapelelezi Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba: zaidi ya miezi minne kwa miguu. Habari iliyofika na msafara ilifika na mtu. Mpagazi ungeweza kumuuliza ameisikia wapi, lini, kwa nani. Sauti iliyoingia kwenye kundi lenu haina jina, haina hospitali, haina tarehe. Kwa kuwa mwenyewe hayupo tumuulize, tuyahoji maneno yake.

Kwamba kuna lililosemwa mwaka 2011, ni kweli. Tarehe 31 Mei mwaka huo, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, chombo cha Shirika la Afya Duniani chenye makao Lyon, Ufaransa, liliyaweka mawimbi ya redio yanayotumiwa na simu katika kundi liitwalo 2B. Ni kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani, ila ushahidi wake ni haba. Hakuna aliyeficha, lilitangazwa hadharani na magazeti ya dunia nzima yakaandika. Baadaye katika kundi hilo hilo yaliwekwa maji yaliyokamuliwa kutoka jani zima la mshubiri, mmea ambao watu wetu wengi wanaunywa kama dawa. Makundi haya hupanga uzito wa ushahidi tu. Hayasemi kitu kinaua watu wangapi.

Kilichowatia shaka wataalamu wakati ule ni utafiti wa nchi 13 ulioitwa Interphone, uliochapishwa 2010. Kwa jumla haukuona hatari, lakini kwa asilimia 10 ya watu walioongea kwa simu kuliko wote ilijitokeza dalili ya ongezeko la aina moja ya uvimbe wa ubongo. Ugumu wake ni kwamba watu waliulizwa wakumbuke walivyoongea miaka mingi nyuma, na mgonjwa anayetafuta chanzo cha maradhi yake hukumbuka tofauti na mtu mwenye afya.

Kwa hiyo watafiti wakatafuta njia zisizotegemea kumbukumbu ya mgonjwa. Denmark walichukua orodha ya wateja wa kampuni za simu, wakawafuatilia watu zaidi ya 350,000. Matokeo ya mwaka 2011 hayakuonyesha ongezeko. Uingereza waliwafuatilia wanawake wapatao 776,000. Matokeo ya 2022 yakawa vile vile. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya watu zaidi ya 250,000 wa nchi tano za Ulaya, nayo hayakuona uhusiano. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilipokea mapitio liliyoyaagiza, yaliyoongozwa na Ken Karipidis wa Australia. Yeye na wenzake walipitia tafiti 63 zilizochapishwa kati ya 1994 na 2022, na hawakuona simu ikiongeza saratani ya ubongo, hata kwa watu walioitumia kwa miaka 10 na zaidi.

Na panya? Walikuwepo, Marekani, na ripoti ilitoka 2018. Walipigwa mawimbi mwili mzima, saa tisa kwa siku, kwa miaka miwili. Panya dume walionekana na uvimbe kwenye moyo. Majike hawakuwa na matokeo ya namna hiyo. Na wale dume waliopigwa mawimbi waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakuguswa, jambo ambalo sauti ya kwenye kundi haikulisema.

Nisikufiche kitu: tafiti hizi zimefanywa zaidi katika nchi tajiri, na Interphone haikuwa na hata nchi moja ya Afrika. Natamani sana zifanywe na kwetu. Lakini mawimbi ya simu ya Tabora ni yale yale ya Copenhagen. Hayana nguvu ya kuvunja vinasaba ndani ya seli, kama inavyoweza mionzi ya eksirei. Yakizidi mno yanapasha mwili joto, na viwango vya kimataifa vimewekwa chini sana ya kiasi cha kuleta madhara.

Tena tazama kazi yako yenyewe. Ukibonyeza *150*00# kumwekea mteja pesa, simu iko mkononi, mbali na kichwa, na inatuma kwa sekunde chache. Nguvu ya mawimbi hushuka upesi kadiri simu inavyokaa mbali na mwili. Kwa hiyo kichwa chako kinapata kidogo kibandani kuliko katika yale maongezi ya usiku.

Mnara nao usikukoseshe raha. Antena zake zinaelekeza mawimbi mbali, na yanayofika uani kwako ni madogo sana kuliko ya simu iliyoshikwa sikioni. Halafu simu iliyo karibu na mnara hupunguza nguvu yake, kwa kuwa haihitaji kujikaza. Inayojikaza ni ya mume wako huko Kaliua, penye kipau kimoja cha mtandao, hasa ikiwa ni kiswaswadu, kwa maana mtandao wa kizamani hutumia nguvu nyingi kuliko wa 3G. Kama mnataka kupunguza, aongee akiwa mahali penye mtandao mzuri, atumie spika au hedfoni za waya. Haina gharama na haina hasara. Mkiwa na shaka kubwa na mnara wenu, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo yenye dhamana ya kusimamia mionzi. Pelekeni hoja yenu huko.

Kuhusu sidiria, hakuna ushahidi kwamba simu inaleta saratani ya titi. Itoe kwa sababu ya jasho na joto la betri, siyo kwa hofu ya saratani. Ila kwa kuwa umeniambia unaiogopa saratani, nikuulize: umeshapimwa shingo ya kizazi? Hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na una miaka 41. Kipimo cha kupaka siki huchukua dakika chache, na mabadiliko yakionekana mapema yanatibika kabla hayajawa saratani. Chanzo chake kikubwa ni kirusi kiitwacho HPV, na chanjo yake hutolewa nchi nzima tangu 2018; siku hizi ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kama mtoto wako wa kati ni binti wa umri huo, hakikisha amechanjwa. Na siku hiyo ukienda kliniki, omba na matiti yakaguliwe.

Sasa tuje kwenye kichwa chenyewe, maana maumivu yako ni ya kweli. Unainamia skrini ndogo saa kumi na tatu kwa siku. Kichwa cha mtu mzima kina kilo nne hadi tano, na ukiinama misuli ya shingo inaubeba uzito huo kwa taabu zaidi. Maumivu yanayoanza alasiri, yakatoka kisogoni na mabegani na kubana paji la uso, mara nyingi ni ya misuli iliyochoka. Panga simu zako juu ya kimeza kilichoinuliwa hadi usawa wa kifua. Kila mteja akiondoka, inua uso, tazama mbali barabarani, zungusha mabega.

Macho nayo yamekupa taarifa: anayesoma kwa kunyoosha mkono akiwa na miaka 41 anahitaji miwani ya kusomea. Ni umri, siyo simu. Usiione miwani kuwa anasa. Bangladesh vijijini waliwapa watu wa miaka 35 hadi 65 miwani ya kusomea, na matokeo yaliyotolewa 2024 yalionyesha kipato chao kikipanda kwa theluthi moja ndani ya miezi minane. Kwako wewe ambaye sifuri moja iliyozidi ni hasara yako, miwani ni kifaa cha kazi kama ilivyo laini ya uwakala.

Panadol ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi. Mtu anayemeza dawa za maumivu za kawaida siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe. Kinauma, anameza, kinatulia, kinarudi, anameza tena. Usiongeze dozi na usiendelee kuzungushwa duka la dawa. Nenda kituo cha afya au Hospitali ya Kitete, mweleze daktari umemeza kwa muda gani, akupangie namna ya kuacha. Mwombe apime presha, kwa umri wako ni lazima. Ukiwa na homa, upimwe malaria. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022 mkoa wa Tabora uliongoza nchi: asilimia 23 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa walikuwa na vimelea. Huko kwenu homa na kichwa havipelekwi kwenye simu kabla havijapelekwa maabara.

Na zipo dalili ambazo hazisubiri siku ya kliniki: kichwa kilichokuja ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuiona, kinachokuamsha usiku au kuwa kikali kila asubuhi pamoja na kutapika, degedege, mkono au mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu, ulimi kuwa mzito, macho kupoteza uoni, homa na shingo kukakamaa. Ukiona moja ya hizo, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kwenye barua yako sikuiona hata moja.

Usingizi ni deni jingine. Unazungumza hadi saa saba usiku na saa moja asubuhi kibanda kiko wazi, na hapo katikati simu nne zinakuita kutoka chini ya mto. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Kukosa usingizi peke yake kunaumiza kichwa, kunapandisha presha na kumfanya mtu akosee hesabu. Najua kwa nini unalala nazo: unalinda mtaji. Lakini floti haimo ndani ya kile kifaa, imo kwenye akaunti na inalindwa na namba yako ya siri. Simu ikiibwa, unapiga huduma kwa wateja, laini inafungwa, salio linabaki lako. Zifungie kwenye sanduku la kufuli, zizimwe. Ile inayochajiwa chini ya mto ni ya kuogopa kweli, maana betri iliyofunikwa hupata joto, na chaja bandia ni chanzo cha moto. Muongee na mume wako saa mbili na nusu usiku, ukishafunga, mpeane nusu saa iliyotulia.

Mdogo wa miaka mitatu hajadhurika ubongo kwa mawimbi ya katuni. Anachokosa ni mchezo, maneno ya watu na usingizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora. Usimnyang'anye ghafla kwa woga. Mwekee saa maalumu, na saa nyingine bibi yake anayetaka urudi kulima atoke naye nje.

Nimefika kwenye mambo mawili uliyoyataja kwa kupita, na hapa naomba unisikilize kama mama.

La kwanza ni helmeti ya mwanao. Umeniandikia kichekesho chake katikati ya hofu yako ya uvimbe, lakini katika nyumba yenu nzima yeye ndiye ambaye simu inaweza kumuua wiki hii. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko katika hatari ya ajali karibu mara nne kuliko asiyeitumia. Kutumia spika au hedfoni hakumwokoi sana, kwa sababu kinachoondoka barabarani ni akili yake, hata mikono ikiwa kwenye usukani. Na helmeti yenye simu ndani haikai sawasawa kichwani. Mwambie apokee simu akiwa amesimama pembeni. Mteja anayemthamini atasubiri dakika mbili, na abiria aliyempakia ana mama yake pia.

La pili ni sigara za chumbani. Mama mkwe yuko sahihi kwamba kikulacho ki nguoni mwako, ila amekosea nguo. Simu imewekwa kundi la 2B, la mambo yenye ushahidi haba. Moshi wa tumbaku, pamoja na ule anaouvuta mtu asiyevuta sigara, uko kundi la 1, la mambo ambayo imethibitika yanaleta saratani kwa binadamu. Humo kimo na kirusi cha HPV nilichokutajia, na sumukuvu ya mahindi na karanga zilizooza. Tumbaku inaua zaidi ya watu milioni saba duniani kila mwaka. Mtoto anayelala kwenye chumba chenye moshi hupata nimonia, pumu na maumivu ya masikio zaidi ya wenzake.

Najua ninaandika kwa watu wa Tabora, ambako tumbaku imejenga nyumba na kulipa ada za shule. Simlaumu mkulima anayetafuta mkate wake. Lakini kuilima si lazima kuivuta, na kuivuta si lazima iwe mahali wanapolala watoto. Akirudi, mwambie bila ugomvi: sigara nje ya nyumba kuanzia usiku wa kwanza, na siku akiwa tayari kuacha kabisa, mwende wote kwa daktari. Yeye alikuambia usisikilize maneno ya watu. Mwambie haya ni ya Shirika la Afya Duniani, na jina lake liko wazi.

Mwanangu, hofu ni mlinzi mzuri akiwekwa kwenye mlango ambao mwizi anaupitia. Wewe umempeleka akalinde simu, na huku barabara, moshi, vidonge na kliniki ambayo hujaenda havina mtu. Wiki hii nenda ukapimwe presha, macho na shingo ya kizazi. Kibanda kibaki wazi, ila saa za usiku zirudishe nyumbani.

Na kwenye kundi la kikoba, rusha sauti yako mwenyewe. Taja jina lako, maana wanakufahamu, useme umepimwa wapi, lini, na umeambiwa nini. Kisha wakumbushe akina mama wenzako siku ya kliniki ya shingo ya kizazi, muongozane. Ukishapata majibu, niandikie.

Shangazi yako